Upepo Kwenye Mgongo wa Vukan

Jumapili, 28 Septemba

Leo nimeanza kuandika, na anayetaka kucheka acheke. Shule yangu ni darasa la nane, baada ya hapo nilikwenda kiwanda cha soksi na mashine zikanilea. Lakini mambo ya mwanangu yanastahili kuandikwa, na nisipoyaandika mimi mama yake, ataandika nani? Borka wa ghorofa ya tatu?

Vukan wangu anatunza barua pepe za kampuni ya joto, ile inayopeleka maji ya moto kwenye nyumba za mji mzima wakati wa baridi. Kampuni ile ile ambayo marehemu baba yake, Dragoslav, alikuwa akilisha tanuri makaa mpaka mapafu yakamkatalia. Baba alilisha moto, mwana analisha kompyuta. Mkataba wake unaisha mwisho wa Novemba. Mkuu wake, Injinia Tihomir, amemwambia hivi: maliza kazi ya hizi seva za barua kabla ya hapo, na ajira ya kudumu ni yako. Asipomaliza, ni Graz, huko Austria, walikokwenda wenzake wote. Katika jengo letu vijana waliobaki ni wawili tu, Vukan na mbwa wa Borka.

Leo tumechoma pilipili hoho uani za kupika ajvar, rojo letu la akiba ya majira ya baridi. Borka alikuja kuonja bila kualikwa.

"Mama Vukan, chumvi imekupita kidogo," akasema, akachota kijiko cha pili.

"Imenipita kama binti yako alivyokupita kwenda Graz," nikamjibu.

Akacheka, lakini kijiko alikiweka chini.

Jumatano, 1 Oktoba

Ajvar imeingia yote kwenye chupa. Mvua.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimemwambia Vukan anieleze kazi yake vizuri, maana ninapojisifu nataka nijisifu kwa usahihi. Akasogeza sahani pembeni, akaweka vikombe viwili mbele yangu.

"Mama, barua zote zinakaa kwenye mashine hizi mbili. Moja inafanya kazi, ya pili inakaa macho. Ya kwanza ikianguka, ya pili inapokea kazi palepale, watu hata hawatambui."

"Mapacha," nikasema.

"Haya, mapacha. Sasa kuna programu kubwa inayochukua nakala ya barua zote kila siku na kuziweka pembeni, ili likitokea la kutokea tuzirudishe. Ila haiwezi kuzungumza na hawa mapacha mpaka nichomeke kijiprogramu kidogo ndani yao. Ndani ya wote wawili."

"Mmoja hatoshi?"

"Hatoshi. Siku barua zikihamia kwa yule asiye nacho, nakala inakatika kimyakimya. Hakuna kengele, hakuna anayekwambia. Utakuja kujua siku unapozihitaji."

Nimeelewa kila kitu. Jioni nilimweleza Borka kwenye ngazi, naye akaniuliza kwani hicho kijiprogramu kinauzwa wapi, mbona mwanangu asinunue viwili akamaliza siku moja. Ujinga haulipiwi kodi.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimempelekea Vukan pita, mkate wa matabaka wenye jibini, kazini. Mlinzi ananijua tangu enzi za Dragoslav, akanipitisha. Ružica, mpika kahawa wa kampuni, akanikumbatia mpaka pita ikapondeka. Ružica ndiye aliyekuwa akimpa Vukan sukari ya vipande alipokuwa mdogo na kuja na baba yake. Amebakiza miezi michache astaafu. Mumewe amelala kitandani mwaka wa pili sasa.

Akanipeleka mpaka chumba cha mashine. Mungu wangu! Nilidhani nitakuta ofisi yenye zulia, kumbe ni kijichumba kisicho na dirisha, mashine zinavuma kama nyuki, na ukutani kiyoyozi kinapuliza baridi moja kwa moja kwenye mgongo wa mwanangu. Mwanangu amechuchumaa, shati limepanda, kiuno kiko nje. Figo zake zote kwenye upepo! Mjomba wangu mzima alikufa kwa upepo wa namna hiyo, alikaa tu kati ya mlango na dirisha.

Nikachukua rimoti mezani, nikakizima.

Vukan akaruka kama aliyeumwa na nyoka. "Mama! Usiguse hicho! Hizi mashine zinatoa joto, zisipopozwa zinakufa!"

"Na wewe usipopashwa utakufa. Mashine watanunua nyingine."

Akakiwasha tena, akanitoa nje kwa adabu, lakini alinitoa. Kwenye korido nikamshika Ružica mkono. "Shoga yangu, mimi sipo hapa kila siku. Mwangalie. Huo upepo usimle mgongo."

"Mwachie Ružica," akasema. "Huyo ni mwanangu pia."

Nimerudi nyumbani moyo mweupe.

Jumatano, 15 Oktoba

Leo kampuni imefungulia joto la msimu wa baridi. Mji mzima umeweka viganja kwenye vyuma vya joto ukutani, tunasikiliza maji yakigugumia. Borka alipiga kelele kutoka juu, "Vuguvugu! Mwambie mwanao!" Nikamjibu kwa sauti ya kufika uani kwamba mwanangu hahusiki na maji, anahusika na akili.

Jumatatu, 20 Oktoba

Vukan hakula. Anasema kijiprogramu kimekataa kuingia.

Ijumaa, 24 Oktoba

Kimekataa tena. Leo ilikuwa mbaya zaidi. Ukijaribu kukiingiza, mashine lazima izimwe na kuwashwa upya, na ilipozimwa pacha wa pili akachelewa kupokea, barua za kampuni nzima zikasimama. Katibu wa mkurugenzi alipiga kelele mpaka karakana ikasikia. Injinia Tihomir akamwita Vukan mbele ya watu.

"Kijana, kuanzia leo hapazimwi kitu mchana. Ukitaka kuzima, uniombe ruhusa, na ni baada ya watu kutoka."

Ana haki, ni mkubwa. Ni yeye aliyempokea Vukan nilipokwenda na chupa ya rakija, ile pombe kali ya matunda ya Dragoslav, na mguu mzima wa nguruwe wa kukaushwa. Mtu wa maana sana. Nimemwambia Vukan awe mnyenyekevu.

Nimempikia supu. Ameikoroga mpaka ikapoa.

Jumapili, 26 Oktoba

Amekohoa mara kadhaa. Nilisema mimi.

Alhamisi, 30 Oktoba

Ruhusa haijatoka. Injinia ameenda kusimamia ndoa milimani, yeye ndiye msimamizi wa bwana harusi, atarudi wiki ijayo. Vukan anakaa na simu mkononi akisubiri, mimi nakaa nikimtazama anavyosubiri. Laiti ingekuwa kazi ya kumenya, kushona au kubeba, ningekuwa nimeshaimaliza mimi.

Alhamisi, 6 Novemba

Mimi, Milunka, mshona soksi, nimeingia ndani ya mashine ya kampuni ya joto!

Injinia amerudi na ametoa ruhusa ya jioni mbili, leo na kesho. Leo pacha wa kwanza, kesho pacha wa pili. Vukan akanipigia simu. "Mama, kimeingia. Kimekubali. Sasa nahitaji barua ya kujaribia. Nitumie barua, andika chochote."

Borka ndiye mwenye kompyuta. Nikapanda kwake na slipa. Tuliandika kwa kidole kimoja, yeye akinitafutia herufi. Niliandika: "Vaa fulana ya ndani, mwanangu."

Vukan akaipokea, akasubiri nakala ichukuliwe, kisha akaifuta kabisa, ikapotea. Halafu akairudisha. Ilirudi nzima kama ilivyokuwa, hata lile kosa la Borka la kuweka nukta mbili.

"Imefufuka, Mama," akasema, na najua alikuwa analia maana alipenga kamasi.

Basi barua ya kwanza kufufuka katika kampuni ile ni yangu. Borka akasema nusu ni yake, kwa sababu kompyuta ni yake. Nikampa chupa ya ajvar.

Ijumaa, 7 Novemba

Kesho ni slava yetu, sikukuu ya Mtakatifu Dimitri, mlinzi wa nyumba ya Dragoslav tangu babu wa babu yake. Mlango utakuwa wazi, anayekuja anakuja, na hakuna mtu atakayesema kwamba kwa Milunka meza ilipwaya. Sarma, nyama na mchele ndani ya majani ya kabichi, iko jikoni imejaa sufuria kubwa. Mkate wa slava umeumuka vizuri, nimeusuka msalaba na zabibu.

Shida ilikuwa nguruwe. Mwokaji alisema leo anafunga mapema, nguruwe wetu achukuliwe mara moja, na mimi mgongo wangu haubebi nguruwe. Nikampigia Vukan.

"Mama, watu ndio kwanza wanatoka. Nimebakiza pacha wa pili. Saa moja tu."

Nikapiga tena. Mwokaji alikuwa ameshavua aproni. Nikapiga tena, nikamwambia, "Vukan, mashine haina miguu, haikimbii. Mtakatifu hangoji. Baba yako hakuwahi kuchelewa slava, hata tanuri likiwaka."

Nikasikia mwangwi, alikuwa ametoka korido kuongea nami. Kisha akasema, "Haya, nakuja. Nitamalizia Jumatano."

Maana Jumanne ni sikukuu ya taifa, na Jumatatu iliyobanwa katikati kila mwenye akili ameiombea likizo, kama kawaida yetu. Kampuni imefungwa, wamebaki wa zamu kwenye matanuri tu.

Amefika na nguruwe begani, anafuka moshi, amependeza kama picha.

Jumamosi, 8 Novemba

Wageni wametoka sasa hivi. Mshumaa umewaka vizuri, kasisi amekata mkate, hakuna aliyeondoka bila kusifu sarma. Nimewaeleza wote habari za mapacha na barua yangu iliyofufuka. Vukan alikuwa mwekundu kama ajvar. "Mama, basi," anasema. Basi ya nini? Mtoto wangu mwenyewe nisimseme?

Kitu kimoja tu: vyuma vya joto vimepoa tangu asubuhi. Watu walikula na makoti. Binamu wa Dragoslav akasema, "Vukan, waandikie barua, wewe si ndiye mwenye barua!" Tukacheka.

Jumapili, 9 Novemba

Baridi. Upande wote wa mto hauna joto, pampu imeharibika. Simu ya kampuni haipokelewi kwa wingi wa watu. Redio imetangaza kila asiye na joto aandike barua pepe, ataje jengo na ghorofa, mafundi wa zamu watazisoma na kufuata. Borka ameandika. Amemwandikia na bibi wa ghorofa ya chini, mwenye pumu. Nikasema, andikeni bila wasiwasi, barua ziko mikononi mwa mwanangu.

Jumanne, 11 Novemba

Bado baridi. Nimelala na soksi mbilimbili. Borka anasema ameandika tena na hakuna aliyekuja.

Jumatano, 12 Novemba

Sijui nianze wapi.

Vukan aliondoka asubuhi akipiga mluzi, na mfukoni kipande cha mkate wa slava cha kumpa Ružica. Amerudi jioni, akakaa kwenye kiti cha jikoni na koti lake, hakulivua. Nilidhani amepigwa.

Nilimvuta neno kwa neno. Alipofungua mlango wa chumba cha mashine, joto lilimpiga usoni kama la tanuri. Kiyoyozi kilikuwa kimezimwa. Pacha wa kwanza alikuwa amekufa tangu Ijumaa usiku, diski zake hazikuamka. Barua zikahamia kwa pacha wa pili, kama ilivyopangwa, bila mtu kutambua. Pacha wa pili akapokea, akapokea, naye akapikika humo humo mpaka akafa leo alfajiri.

"Lakini zina nakala," nikasema. "Wewe ulisema zina nakala."

"Za mpaka Ijumaa jioni, Mama. Zile nimezirudisha zote." Akafuta uso. "Baada ya hapo barua ziliingia kwa pacha wa pili. Yule sikumchomekea."

Hakusema "kwa sababu ya nguruwe." Alitazama tu meza.

Zote zimepotea. Zote za upande wa mto, watu waliokaa kwenye baridi na mablanketi wakiandika jengo, ghorofa, mtoto mdogo, mgonjwa. Mafundi wa zamu walizisoma chache za kwanza, halafu mashine ikaanza kusuasua na joto, zingine hazikufunguka. Sasa hakuna ajuaye nani aliandika. Asubuhi watu wamejipanga kwenye dirisha la kampuni kuandikishwa upya, wanatukana. Bibi wa chini amepelekwa hospitali, anapumua kwa mashine. Wanasema atapona.

Na nilipomuuliza nakala zilirudi vipi, akacheka kicheko ambacho sitaki kukisikia tena. "Ya kwanza kabisa kutokea kwenye skrini, Mama, mbele ya mkurugenzi na Injinia na kamati yote ya uchunguzi, ilikuwa 'Vaa fulana ya ndani, mwanangu.'"

Ijumaa, 14 Novemba

Ružica amekuja. Hakukaa. Alisimama mlangoni akishika mpini wa mfuko wake.

"Milunka, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Kiyoyozi. Ijumaa nilimpelekea chai ya maua ya mti wa lipa, anakohoa, shingo iko kwenye upepo. Akatoka korido kuongea na simu. Nikasema ngoja chumba kipate joto kidogo, akirudi akute kumetulia. Nikakizima, rimoti nikaitia mfukoni mwa aproni asikiwashe haraka, unamjua alivyo mbishi. Halafu hakurudi. Alichukua koti akakimbia. Nikafunga milango, nikaenda kumgeuza mzee wangu kitandani, nikasahau, dada, nikasahau kabisa."

Aliyekuwa kwenye simu ni mimi. Na aliyemwambia amwangalie ni mimi.

"Uliniambia upepo usimle mgongo," akasema. Hakusema kwa kulaumu. Angelaumu ningepata la kujibu.

Tulilia pale mlangoni kama msibani. Wakimjua watamtoa kabla ya kustaafu, na mzee wake dawa zake zinatoka kwenye bima ya kazi yake. Wasipomjua, ni Vukan.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimemenya viazi mpaka vikaisha vyote ndani ya nyumba.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimekwenda kwa Injinia Tihomir. Nilivaa koti la kanisani. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Jumamosi.

"Bwana Injinia, kwenye kamati yenu andikeni kwamba aliyezima kiyoyozi ni mimi. Milunka, mjane wa Dragoslav. Nilishakizima mara moja Oktoba, watu walinisikia nikigombana na mwanangu. Mtu mwingine asitajwe."

Alivua miwani. Ana mifuko chini ya macho, sikuwahi kuiona.

"Mama, kaa. Ulizima Ijumaa?"

"Nilizima."

"Ijumaa mlinzi hakukuona."

Nikakaa, nikashika kifungo cha koti.

"Na hata nikikubali," akasema, "fikiri. Chumba kile haingii asiye na ruhusa. Nikiandika mama yake alizima, ninaandika pia kwamba kijana aliingiza mtu wa nje kwenye seva. Hapo si kumnyima mkataba tu, hapo namharibia jina. Hata Austria watauliza."

"Basi andika wewe ulichelewesha ruhusa! Andika ulikuwa harusini!"

Lilinitoka. Akainamisha kichwa. "Na mimi nina mkurugenzi, Mama. Mkurugenzi anataka jina moja, na kijana mwenyewe ameshatoa lake."

Nilimtazama yule mtu niliyempelekea mguu wa nguruwe, nikamwona ni mtu mdogo tu aliyekaa kwenye kiti kirefu, anaogopa kama mimi. Sikuweza hata kumchukia. Nikamwambia afunge dirisha nyuma yake, atapata baridi ya shingo. Mazoea mabaya hayo.

Jumanne, 18 Novemba

Nimemwambia Vukan kila kitu. Kuhusu Ružica, kuhusu simu yangu, kuhusu Tihomir.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Mashine zinaandika joto lake kila wakati. Lilianza kupanda nilipokuwa korido naongea na wewe. Na rimoti niliikuta jikoni kazini, kando ya birika la kahawa. Niliirudisha mezani kabla kamati haijafika."

"Umejua tangu Jumatano, ukakaa kimya?"

"Nimwambie nani, Mama? Aliyenipa sukari ya vipande?" Akanishika mkono, yeye mimi! "Sikiliza. Kiyoyozi kingeweza kuharibika chenyewe. Ndiyo maana ya kazi yangu, kwamba kikiharibika barua zibaki. Pacha wa pili hakuwa na kijiprogramu. Hiyo ni yangu."

"Ni ya nguruwe."

"Nguruwe alikuwa mtamu," akasema, na tukacheka wote wawili, halafu mimi sikuweza kuacha na kicheko kikageuka kitu kingine.

Jumapili, 23 Novemba

Theluji ya kwanza. Borka ameshuka. Nilijua amekuja kunicheka, nikasimama mlangoni nimejaza mlango wote.

"Sema basi," nikamwambia. "Sema mwanangu amepoteza barua zako."

"Nimeshaziandika upya," akasema. "Nimeongea na binti yangu. Kuna chumba kwenye jengo lao Graz. Si kikubwa. Kina joto." Akatazama chini. "Usidhani nafurahi, mama Vukan. Nilikuwa namtegemea wa kunibebea mizigo."

Nilimpisha akaingia. Nilimkaribisha sarma iliyoganda. Alikula bila kusema neno kuhusu chumvi. Miaka yote hii nilidhani tunashindana. Kumbe yeye alishaagana na wake, alikuwa ananingojea tu.

Ijumaa, 28 Novemba

Hawakumfukuza. Hawakumwongezea mkataba, basi. Angeweza kukaa nyumbani siku hizi za mwisho, lakini kila asubuhi amekwenda. Wamenunua mashine mpya, naye amezipanga zote mbili na kuchomeka kijiprogramu kwa pacha wa kwanza na pacha wa pili, kwa ajili ya atakayekuja baada yake, ambaye hamjui.

"Kwa nini unawafanyia?" nikamuuliza.

"Nilipewa kazi, Mama."

Jioni akanipigia simu. Anataka kuhamisha barua kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine na kuona kama nakala inaendelea. "Niandikie ya kujaribia. Chochote."

Nilipanda kwa Borka. Akaniwekea kiti, akanitafutia herufi. Nilikaa muda mrefu. Kisha nikaandika neno moja: "Usiende."

Borka alisoma, hakusahihisha kitu.

Vukan akaipokea. Akalaza pacha wa kwanza, barua zikahamia kwa wa pili, nakala ikachukuliwa. Akaifuta. Nilikuwa na simu sikioni, nikasikia tu zile mashine zikivuma, na kile kiyoyozi.

"Imerudi," akasema.

"Nzima?"

"Nzima, Mama. Inafanya kazi. Sasa hata zikifa zote mbili, haipotei."

Nikasema vizuri, mwanangu. Nikasema hongera.

Jumapili, 30 Novemba

Mkataba umeisha leo. Nimepiga pasi mashati.

Jumapili, 7 Desemba

Basi la Graz huondoka nyuma ya soko. Injinia Tihomir alikuja, alisimama mbali, akampa Vukan mkono na bahasha yenye barua ya kumsifia kazi. Ružica alileta sukari ya vipande kwenye leso. Vukan akaweka kipande kimoja mdomoni palepale, mbele yake, mtu mzima mwenye ndevu.

Nilimpa ajvar chupa nilizoweza kubeba. Kiti chake kilikuwa dirishani, na kioo cha dirisha hakikufunga vizuri, niliona pazia linacheza. Niligonga kioo nikamwonyesha ahame. Akaweka mkono sikioni, hasikii. Nikagonga tena. Basi likaondoka.

Ijumaa, 19 Desemba

Vyuma vya joto vinaunguza, nimefungua dirisha la jikoni. Bibi wa chini amerudi nyumbani, namkuta kwenye ngazi.

Vukan amepiga simu kutoka kazini. Amepata kampuni nzuri, wanamlipa vizuri na wanamwita kwa jina la ukoo, ambalo hawaliwezi. Nimeshamwambia kila mtu katika jengo, na mwokaji. Mashine zao ni nyingi, zimejaza ukumbi mzima. Alikuwa humo humo ndani akiongea nami, nikasikia mvumo.

"Na hicho kinachopuliza ni nini?" nikamuuliza.

"Viyoyozi, Mama. Hapa ni vikubwa kuliko vyetu. Nimekaa chini yake, nachomeka vijiprogramu." Akakohoa. Kisha akasubiri, maana ananijua.

Maneno yote yalinijaa mdomoni, ya mjomba, ya figo, ya shati kupanda kiunoni. Niliyashika kwa meno.

"Umevaa fulana ya ndani?"

"Nimevaa."

"Basi kiache kipulize, mwanangu," nikasema. "Usikizime."